Dohani ya Nne: Shajara ya Kuunda Dohani ya Titanic kwa Printa ya Nyumbani

Januari, mwanzoni. Kwa nini dohani peke yake

Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269. Kwa kipimo cha 1:100, ninachokipenda kwa sababu hesabu zake hazihitaji kikokotoo, meli nzima ingefika mita 2.69, na chumba changu cha kazi hapa Tanga hakina ukuta wa kuibeba. Basi naunda dohani. Moja tu, na kipande cha sitaha chini yake. Nimechagua ya nne, ile ya tezi kabisa, yaani nyuma ya meli.

Wanaoifahamu meli hii wataguna. Ya nne ndiyo ile inayoitwa ya uongo. Moshi wa boila zote 29, zenye matanuri 159 yaliyokula makaa ya mawe tani zipatazo 600 kwa siku, ulitokea katika dohani tatu za mbele. Ya nne haikuungwa na boila hata moja. Ilitoa hewa ya moto kutoka vyumba vya mitambo, ikapitisha moshi wa majiko ya wapishi, na pia wa moto wa makaa uliokuwa ukiwashwa katika chumba cha wavuta sigara wa daraja la kwanza. Mimi naona kuiita ya uongo ni kuionea. Ilikuwa na kazi. Ila kazi hiyo haikuhitaji umbo kubwa kiasi kile, na hapo ndipo panaponivutia.

Ukubwa ule ulikuwa wa kuonekana. Wajerumani walianza mwaka 1897 na Kaiser Wilhelm der Grosse, meli ya kwanza ya abiria wa Atlantiki kuwa na dohani nne. Mwaka 1907 kampuni ya Cunard ikaleta Lusitania na Mauretania, nne kila moja, na hizo zote zilitoa moshi. Abiria wakazoea kuhesabu: dohani nyingi, mwendo mkali na usalama. White Star, kampuni iliyomiliki Titanic, na waundaji wao wa Belfast, Harland and Wolff, hawangekubali kupeleka sokoni meli kubwa kuliko zote ikiwa na tatu.

Kipo pia kisa cha Queenstown, bandari ya Ireland ambayo leo inaitwa Cobh. Titanic ilitia nanga nje ya bandari hiyo tarehe 11 Aprili 1912, kituo cha mwisho kabla ya bahari kuu. Inasimuliwa kwamba mfanyakazi mmoja wa chumba cha makaa alipanda ndani ya dohani ya nne, akachomoza kichwa juu, uso mweusi kwa masizi, akitazama mandhari. Baadhi ya abiria waliomwona walishtuka na kusema ni nuksi. Jamaa alikuwa anatafuta hewa tu. Katika tatu za mbele asingeweza kufanya hivyo, angebanikwa.

Vipimo

Jarida la ufundi la wakati ule liliandika kwamba dohani hizo zilikuwa za umbo la duaradufu, futi 24 na inchi 6 kutoka omo, yaani mbele, kuelekea tezi, na futi 19 kwa upana. Urefu juu ya kiunzi cha sitaha ulikuwa futi 62. Nikibadili kwenda mita kisha kugawa kwa 100 napata milimita 74.7 kwa 57.9, na kimo cha milimita 189. Kiganja changu kinazunguka upande mmoja tu, hakifiki wa pili.

Mwinamo nao ni wa milingoti na dohani zote: inchi 2 kwa kila futi moja ya kimo, yaani moja kwa sita, karibu nyuzi 9.5. Ina maana ncha ya juu ya dohani yangu itakuwa imerudi nyuma milimita 31.5 kuliko kitako chake. Kwenye karatasi inaonekana ndogo. Ukiisimamisha mezani ikiwa wima kabisa, bila mwinamo, unaona mara moja kwamba umetengeneza bomba la kiwanda cha saruji.

Kwa picha nategemea zaidi Olympic, meli dada. Titanic iliishi siku chache mno baharini. Olympic ilisafiri kuanzia 1911 hadi 1935 na ikapigwa picha kila pembe, na dohani zake zilikuwa za muundo uleule. Nyingi ya picha zinazopita huku na huku zikiitwa Titanic, hasa za ndani, ni za Olympic. Za Titanic mwenyewe nilizoziangalia kwa makini zaidi ni za padri Francis Browne, Mjesuiti aliyepanda Southampton na kushuka Queenstown na kamera yake, akanusurika pamoja na picha.

Nimechora kwenye kompyuta vipande vitano: pete tatu za bomba lenyewe, kitako, na kola ya ndani ya kuunganishia pete. Kitako ndicho kinachobeba mwinamo wote. Pete nazichora zikiwa zimesimama wima, kwa sababu printa huweka plastiki tabaka juu ya tabaka, na ningependa mistari ya tabaka ifuate mikanda ya mabamba ya chuma, isiikate kimshazari.

Januari, mwishoni. Unyevu na umeme

Mtu wa Dodoma anaweza kuacha roli la uzi wa plastiki juu ya meza mwezi mzima. Hapa pwani, uzi wa PLA, ile plastiki ninayoitumia kwenye printa, ukilala wazi siku chache unakuwa umekunywa maji. Unausikia: pua ya printa inatoa milio ya tsss na pap, na uso wa kazi unatoka na vinyweleo. Dawa yangu ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko, balbu ya zamani ya kuchemka ya wati 40 ikining'inia ndani, na kipimajoto cha jikoni. Nakishikilia kwenye nyuzi 45. Kupita 55 ni hatari, PLA huanza kulegea karibu na 60 na roli zima linagandana. Usiku mmoja humo ndani, uzi unarudi kuwa mkavu na kukatika kwa mlio safi.

Umeme ndio uliogawa dohani vipande vitatu. Printa yangu ina kimo cha milimita 250, ingetoa bomba zima kwa mkupuo. Lakini mkupuo huo ni wa kutwa nzima na zaidi. Printa hukumbuka ilipoishia umeme ukikatika, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba meza hupoa, kipande huachia au husinyaa kidogo, na tabaka linalofuata linaacha kovu linalozunguka bomba lote. Pete ya milimita 63 inamalizika kabla ya chakula cha mchana, na ikiharibika nimepoteza theluthi.

Viungo vya pete nimevificha. Cha juu kiko karibu na pale rangi nyeusi inapoanza, cha chini kiko chini ya mkanda mmoja wa mabamba. Kola ya ndani ina mbavu nne ndogo zinazoingia katika mifereji, hivyo duaradufu haziwezi kuzunguka na kupishana. Kwa umbo la duara kamili ungeweza kusamehewa nyuzi moja au mbili. Kwa duaradufu, nyuzi moja unaiona ukiwa mlangoni.

Ukingo wa juu

Hapa nimetumia muda mrefu kuliko sehemu zote za kuchora. Ukuta wa pete zangu ni milimita 1.2, mistari mitatu ya pua ya 0.4. Nguvu inatosha na hauonyeshi mwanga. Lakini milimita 1.2 kwa kipimo hiki ni sentimita 12 za chuma, na dohani halisi ilikuwa ya bamba jembamba. Ukiangalia dohani ya mfano kutoka juu, jicho linakwenda moja kwa moja ukingoni, na ukingo mnene unaiumbua kazi yote iliyo chini yake.

Suluhisho ni kuupunguza ukuta kwa ndani katika milimita 15 za mwisho, taratibu, hadi ubaki mstari mmoja wa 0.4. Programu ya kukata tabaka haipendi jambo hilo. Ukuta ukifika kati ya mistari miwili na mmoja, inaacha mapengo au inajaza vidoa. Nimeizima ile sehemu ya kujaza mapengo, nikaiambia ibadilike kwa ngazi tatu badala ya mteremko, halafu mteremko nikaufanya kwa msasa namba 400 uliozungushwa kwenye kijiti. Ngazi zimepotea. Ukingo sasa unapinda kidogo ukiubonyeza kwa kidole, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuubonyeza kwa kidole.

Mshono wa printa, yaani ule mstari wa wima ambapo kila tabaka huanza na kuishia, nimeuelekeza upande wa nyuma, na baadaye utafunikwa na kiungo cha mabamba.

Februari. Fila, msasa, fila, msasa

Hakuna cha kusimulia. Fila ya bodi za magari, ile ya kopo lenye kikaushio chake, inashika PLA vizuri kuliko nilivyotarajia, ila uichanganye kidogo kidogo, kwa joto letu inaganda ukiwa bado unatafuta kisu. Praima ya kijivu juu yake inaonyesha mikwaruzo yote. Msasa wa maji 600, kisha 1000. Kupiga msasa bila barakoa ni upuuzi.

Februari, katikati. Mabamba na riveti

Bomba likishakuwa laini kabisa, linakuwa si dohani tena. Dohani ya mwaka 1912 ilikuwa mabamba ya chuma yaliyopandana kingo na kufungwa kwa riveti. Kulehemu meli kwa umeme kulikuwa bado kuja. Jua la asubuhi likiipiga kwa ubavu, viungo vinaonekana.

Printa haiwezi. Kichwa cha riveti kwa 1:100 ni robo ya milimita, na pua yangu ni 0.4. Wenye printa za utomvu, zinazogandisha plastiki ya majimaji kwa mwanga, wangeweza, lakini ule utomvu una harufu na sumu, na mimi chumba changu kinapakana na anapolala mtoto. Nilifikiria kudondosha matone ya gundi nyeupe kwa sindano, moja moja. Inawezekana, ni kazi ya mtu aliye kifungoni.

Jibu lilitoka kwa mafundi wa friji. Wanatumia utepe wa alumini wenye gundi upande mmoja kufunika mabomba. Ni mwembamba sana, kiasi cha milimita 0.05 bila gundi, ambayo kwa kipimo changu ni bamba la nusu sentimita. Huo unene wa kiungo unaaminika. Nimeukata vipande kwa wembe na rula ya chuma, kila kipande bamba moja.

Riveti nimezipiga kwa nyuma kabla ya kubandua karatasi. Kigurudumu cha fundi cherehani cha kuhamishia alama kilikuwa cha kwanza kukijaribu, na meno yake yako mbali mno, ungedhani riveti zimekatiwa bajeti. Fundi saa wa barabara ya sokoni akanipa magurudumu ya saa ya mezani iliyokufa. Dogo kati ya hayo lina meno yaliyoachana kiasi cha milimita 0.7. Nimelitia kwenye mpini wa kalamu, nalisukuma juu ya utepe uliolala kwenye kipande cha mpira wa ndala. Mpira ukiwa mgumu, riveti hazitokezi. Ukiwa laini sana, utepe wote unapinda. Ndala ya buluu ya kawaida, iliyovaliwa kidogo, ni sawa kabisa.

Kubandika ni kuanzia chini kwenda juu, ili bamba la juu lipande juu ya la chini kama vigae vya paa, maji ya mvua yasiingie kwenye kiungo. Najua hakuna mvua itakayonyesha kabatini kwangu. Nimesugua kila bamba kwa kijiti cha mti laini kutoka katikati kwenda kingoni, nikiwa makini nisizilaze riveti.

Baada ya praima ya pili, nyembamba mno, nusu ya riveti zilipotea kwa macho na zikabaki kwa ukucha. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Riveti zinazoonekana kutoka mita mbili ni kubwa mno. Nimeona mifano mingi mizuri iliyoharibiwa na riveti za ukubwa wa maembe.

Mgeni

Mzee jirani, aliyekuwa fundi mitambo melini kabla ya kustaafu, alipita kuomba bisibisi akaiona dohani mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii chimni ya nini tena?"

"Titanic. Ile ya nyuma."

Aliigeuza mkononi, akachungulia ndani, akacheka. Aliniambia meli za dizeli alizofanyia kazi zote zilikuwa na dohani za namna hiyo. Ukipanda juu na kuingia ndani ya lile jumba kubwa lililopakwa nembo ya kampuni, unakuta mabomba ya ekzosi membamba yamesimama kona moja, na nafasi iliyobaki ni ya feni, ngazi na mapipa ya rangi. "Kubwa kwa nje, mle ndani ni stoo," alisema. Kisha akauliza swali la kifundi: kama haina boila, ya nini kuwa ndefu?

Tatu za mbele zilihitaji urefu. Kutoka kwenye vyuma vya matanuri chini kabisa hadi mdomo wa dohani ilikuwa futi 150, karibu mita 46, na safu hiyo ya hewa ya moto ikipanda ndiyo iliyovuta hewa mpya kupita kwenye makaa. Ukiifupisha, moto unakuwa mzito. Ya nne haikuvuta moto wa boila. Ilikuwa ndefu kwa sababu wenzake walikuwa warefu. Mzee alikubali kwa kichwa, akasema hewa ya moto ya chumba cha injini nayo hupenda kupanda, kwa hiyo haikuwa hasara tupu. Akaenda na bisibisi. Hajairudisha, na siidai.

Machi. Nyaya na ngazi

Dohani hizi zilishikiliwa na kamba za chuma pande zote mbili, kutoka juu ya bomba hadi sitahani. Bila hizo upepo wa Atlantiki ungezicheza. Usiku wa kuzama, ndizo zilizoachia: dohani ya kwanza ilianguka majini karibu na watu waliokuwa wakiogelea, na wimbi lake likasukuma mbali mashua iliyopinduka ambayo afisa Charles Lightoller na wengine walipona juu yake.

Mshipi wa nailoni ndio unaotumiwa na wengi. Mimi sikuupenda, kwa unyevu wa hapa unalegea asubuhi na kukaza mchana. Nimetumia waya wa shaba wa milimita 0.25 kutoka kwa fundi wa kusuka mota, ule wenye varnishi. Ncha moja unaibana kwenye jiliwa, nyingine unaishika kwa koleo na kuvuta polepole mpaka usikie umenyooka. Ukishanyooka hivyo haupindi tena kwa uzito wake. Viungio vya kukazia vya chini ni maganda ya waya wa simu, vipande vya milimita 2, vilivyopakwa rangi ya kijivu.

Vijicho vya kufungia nyaya kwenye bomba nimevitoboa kwa sindano iliyopashwa moto badala ya drili. Drili inang'oa utepe.

Ngazi nimeiweka ndani, kuanzia ukingoni kushuka sentimita nne, mpaka giza linapoimeza. Mpwa wangu, mwenye umri wa kuuliza kila kitu, anataka awepo yule mtu wa Queenstown. Nilikataa kwa wiki. Mtu mzima kwa kipimo hiki ana milimita 17, kichwa chake ni kama punje ya ulezi. Sasa kipo kichwa kilichochongwa kwenye ncha ya kijiti cha meno, na mabega kidogo, vimepakwa rangi ya makaa. Kinachomekwa na kuchomolewa. Wageni wenye heshima hawakioni.

Machi, mwishoni. Rangi

Hapa ndipo wapenzi wa meli hii hugombana, na ugomvi wao una sababu. Dohani za White Star zilikuwa na rangi kati ya krimu na kahawia ya udongo, na nyeusi juu. Picha za Titanic ni za rangi nyeusi na nyeupe, na zaidi ya hapo, bamba za picha za enzi hizo hazikuwa na hisia kwa mwanga mwekundu. Njano na rangi ya machungwa zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Kwa hiyo mtu akikisia rangi kwa kuangalia weusi wa picha, atapaka dohani ya chokoleti.

Nilikwenda kwa fundi rangi wa gereji na vibao vitano vilivyopakwa. Yeye huchanganya kwa jicho, kwa magari yaliyogongwa ambayo bati jipya lazima lifanane na la zamani lililochomwa na jua, na jicho la namna hiyo huwezi kulinunua. Alianza na krimu ya daladala moja, akaongeza manjano ya udongo, tone la kahawia, tone dogo mno la nyekundu. Tulikuwa tunatoka na kibao juani, tunarudi nacho chini ya taa ya tyubu, tunatoka tena. Mchanganyiko mmoja ulikuwa mzuri sana nje, ukiingia ndani unageuka rangi ya bandeji. Tuliuacha. Wa mwisho unabaki ukijifanana kote kuwili.

Kisha nikamwomba aongeze nyeupe kidogo. Hakuelewa, mpaka nilipomweleza kwamba dohani halisi ungeitazama ukiwa gatini, mita nyingi, na hewa ya katikati huipausha rangi. Mfano unautazama kutoka urefu wa mkono. Ukiupaka rangi ileile ya asili, utaonekana mzito kuliko kitu chenyewe. Kwa sababu hiyohiyo weusi wa juu nao si mweusi kabisa, una kijivu ndani yake.

Nimepuliza kwenye kivuli, asubuhi, kabla ya upepo wa bahari kuanza na vumbi lake. Kuanika juani ni marufuku kwa PLA, hasa ikishakuwa na rangi nyeusi. Jua la saa saba linaweza kuufikisha ukingo ule wa 0.4 kwenye nyuzi 60, na hapo duaradufu inakuwa yai.

Mstari kati ya nyeusi na krimu unafuata ukingo wa juu, kwa hiyo sikuuchora kwa macho. Niliisimamisha dohani kichwa chini juu ya kioo, nikaweka penseli juu ya rundo la vigae vya sakafu hadi kimo nilichotaka, nikaizungusha dohani ikikwaruzwa na penseli. Utepe wa kufunikia wa milimita 3, uliokatwa kutoka ule mpana, hukubali kona za duaradufu bila kukunjamana. Ule mpana haukubali.

Aprili. Masizi

Kila anayeingia anauliza mbona sijaichafua. Waunda mifano tunapenda uchafu: kutu kwenye riveti, michirizi ya maji, masizi mdomoni. Kwa dohani tatu za mbele ningeweka bila kusita, ingawa meli ilikuwa mpya. Sehemu nyeusi ya juu ilipakwa nyeusi hasa ili masizi yasionekane.

Hii ya nne nimeiacha safi kwa nje. Ndani, sehemu ile ambapo vijibomba vya majiko vinatokea, nimepitisha brashi kavu yenye kijivu cheusi, mpapaso mmoja, na kwingine kote ndani kumebaki kijivu cha praima. Mtu akichungulia anaona giza, ngazi, na kidoa kidogo cha moshi wa supu ya daraja la kwanza. Siku nne na kidogo za kupika, kutoka Southampton tarehe 10 hadi usiku wa tarehe 14, haziwezi kuacha zaidi ya hapo.

Gundi ya kitako imekauka leo. Nimeipima kwa pembe ya seremala na kipande cha karatasi kilichokatwa kwa uwiano wa moja kwa sita: ncha ya juu imerudi milimita 31, iliyobaki nusu ni ya msasa. Nyaya za upande wa kushoto ziko tayari, za kulia nasubiri fundi mota arudi kutoka Muheza, kwa kuwa roli la waya lililobaki kwake ni la 0.3.

Mpwa wangu ameshauliza kuhusu dohani ya tatu. Hiyo itahitaji mabomba ya moshi ndani, kutoka vyumba viwili vya boila yakikutana kabla ya kufika sitahani, na ukuta wa pili wenye nafasi ya hewa katikati ili joto lisiikaange rangi. Mchoro wa pete ya juu nimeuanza. Masizi yataruhusiwa.